UZI: Stoo ya dharura kwa janga moja tu, nyumba kukosa dagaa wa Kigoma (vingine vyote vipo)

MwishoWaReli

Mwakeye wakuu.

Tuelewane mapema: uzi huu hauhusu njaa. Njaa ina kamati zake na wataalamu wake. Mimi nazungumzia janga dogo sana, la kipekee, ambalo hakuna shirika litakaloleta hema kwa ajili yake. Unga wa muhogo upo. Mawese yapo, dumu zima. Nyanya, vitunguu, ndimu na pilipili mbuzi vimejaa soko la Mwanga. Nyama ipo buchani, maharage ya Kasulu yapo. Kinachokosekana ni kimoja, dagaa wa ziwa hili, na kuna nyumba hapa mjini (sitaji ni ya nani) ambamo kikikosekana hicho watu wanakula kimyakimya kama wako matangani.

2024 tuliliona hili. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Samaki wapumzike, wazaliane. Sibishani na kufungwa, atakayetaka kubishana nalo afungue uzi wake. Nabishana na hesabu za watu. Walisikia "miezi mitatu", wakaweka akiba ya miezi mitatu, halafu mwisho wa Agosti wakaanza kulalamika kwamba ziwa limefunguliwa na sufuria bado tupu.

Dagaa hafuati kalenda ya ukutani. Anafuata mwezi wa angani. Anavuliwa usiku, kwa taa, gizani. Mwezi ukipevuka taa haimvuti tena, maana kote kumeshakuwa kweupe, na vipe (vyombo vyetu vya kuvulia dagaa) vinalala ufukweni. Mtoto yeyote wa Kibirizi au Katonga analijua hilo kabla hajajua kusoma.

Sasa chukueni almanaka ya 2024. Giza la mwisho kabla ya kufungwa lilikuwa la 8 Mei. Ziwa likafunguliwa 15 Agosti, na mwezi mpevu ulikuwa 19 Agosti! Yaani geti limefunguliwa na mbalamwezi iko mlangoni. Giza kamili limekuja kurudi 3 Septemba. Kutoka giza hadi giza ni siku 118. Tangazo lilisema 92. Hizo 26 za katikati ndizo zinazoua watu.

Kwa hiyo hesabu ya nyumba ya watu sita, wanaokula dagaa mara tatu kwa wiki: siku 118 ni kama wiki 17, milo 51. Mlo mmoja robo kilo ya dagaa wakavu. Inakuja kilo 12 na robo tatu, sema 13. Hiyo ndiyo stoo. Sasa naombeni michango: wanunuliwe wapi, lini, wahifadhiwe vipi wasichache. Na tafadhali, asije mtu hapa na ushauri wa kula kitu kingine.

Kapuku wa Gungu

Kula kitu kingine mkuu.

MwishoWaReli

Nilijua utakuwa wa kwanza.

NahodhaMstaafu

Nimekaa kwenye vipe miaka mingi, tangu enzi za karabai mpaka hizi taa za betri na sola. Ngoja niweke sawa jambo moja, maana kijana umeandika vizuri ila umekaa nchi kavu.

Si kweli kwamba ukishafika mwezi mpevu unangoja mpaka giza kamili lirudi. Mwezi ukishapevuka, kila usiku unachelewa kuchomoza, karibu saa nzima kasoro kidogo. Siku ya nne au ya tano baada ya kupevuka, jua likizama unapata saa kadhaa za giza zuri kabla mwezi haujatoka. Hapo mvuvi mwenye njaa haulizi, anaingia ziwani. Kwa hiyo kwa 2024 unayoisema, kuanzia tarehe 24 Agosti hivi watu walikuwa na giza la jioni la kufanyia kazi. Kabla ya kupevuka ni kinyume chake: mwezi uko juu jioni, unazama usiku wa manane, giza unalipata alfajiri.

Siku 118 zako punguza. Na bado kuna upepo. Kiangazi upepo wa kusini unavuma Mei hadi Agosti, na siku ukikaza hata giza liwe totoro hutoki. Huo haumo kwenye almanaka yako.

MwishoWaReli

Shikamoo mzee. Napokea giza la jioni. Lakini nijibu hili: hao dagaa wa tarehe 24 walikwenda kwa nani? Wachuuzi walikuwa wamekaa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na pesa taslimu, wengine wanapeleka Dar, wengine Kongo. Mimi na kikapu changu nimesimama nyuma ya mtu mwenye Fuso. Dagaa kuwepo ziwani na dagaa kuwepo jikoni kwangu ni vitu viwili. Sishuki chini ya 110.

NahodhaMstaafu

Marahaba. Hapo kwenye Fuso sina jibu.

Mama Sado

Wanangu, mimi nauza dagaa, kwa hiyo sitawaambia bei, mkiiandika leo kesho nitasutwa. Lakini nitawaambia jinsi ya kununua dagaa wa kuweka, maana dagaa wa kula leo na dagaa wa kuweka ni bidhaa mbili tofauti.

Wa kula leo hata akiwa na unyevu kidogo si tatizo, unamwosha unampika. Wa kuweka lazima awe mkavu wa kukatika. Mshike mmoja, mkunje. Akipinda kama mpira, mwache. Akikatika kwa sauti, endelea kuangalia. Rangi iwe ya fedha inayong'aa. Ukiona tumbo limeanza kuwa la njano au la kahawia, mafuta yake yameshaanza kuchacha, huyo hata umweke kwenye dhahabu hatafika Julai. Halafu nusa. Si kunusa juu ya fungu, hapo juu mchuuzi ameweka wazuri. Ingiza mkono hadi chini, toa, nusa.

Mchanga: wa kuanikwa chini ufukweni wana mchanga, wa kuanikwa kwenye chanja hawana. Chanja bei iko juu na inastahili. Mchanga si suala la meno peke yake. Ule mchanga unashika unyevu na uchafu, na wewe huwezi kumwosha dagaa kisha ukamrudisha stoo. Kwa hiyo wa akiba nunua wa chanja tu.

Jambo la mwisho ndilo mnalolisahau wote. Hata ukinunua mkavu, ukifika nyumbani mwanike tena siku moja ya jua kali kabla hujamfungia. Amekaa sokoni, amekula umande, kuna aliyemwagia maji kidogo ili apate uzito. (Si mimi.)

Binti wa Katubuka

Mama Sado shikamoo. Vichwa tunatoa au tunaacha? Mama mkwe wangu anasema nikiweka na vichwa vitaleta uchungu.

Mama Sado

Marahaba mwanangu. Uchungu unatoka tumboni, si kichwani, ni vile ukivuta kichwa na utumbo unakuja nao. Dagaa wadogo acha walivyo. Wale wakubwa unaweza kutoa, lakini toa siku ya kupika, si siku ya kuweka. Ukimkata mapema unamfungulia hewa mlango. Mwambie mkwe wako namsalimia.

Mwana wa Igogo

Habari zenu watu wa mwisho wa reli. Nauliza kwa heshima zote: dagaa wa Mwanza wanakosa nini? Wapo mwaka mzima, basi linafika, tatizo limekwisha. Uzi ufungwe.

Kapuku wa Gungu

Haya. Ameingia.

MwishoWaReli

Mkuu karibu, vua viatu. Wale wenu tunawapenda, wanafuga kuku vizuri.

Mwana wa Igogo

Dharau hiyo.

Samaki na Sayansi

Kabla hamjashikana mashati, hili lina jibu la kitaalamu. Mnaita wote dagaa lakini si ndugu. Dagaa wa Ziwa Victoria ni *Rastrineobola argentea*, na wa Tanganyika ni aina mbili, *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*. Hawa wa Tanganyika ni wa ukoo wa dagaa na sadini wa baharini, wakati yule wa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa, upande wa samaki kama kuyu na ningu. Ladha kutofautiana si majivuno ya watu wa Kigoma.

Sasa faida kwa mwenye uzi: kama shida yako ni ladha hasa, ndugu wa kweli wa dagaa wako wapo nje ya ziwa hili. *Limnothrissa* alipandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda wanamwita isambaza. Mwaka 1967 na 1968 akapelekwa bwawa la Kariba, huko anaitwa kapenta. Kwa hiyo Tanganyika likifungwa, binamu yake anaendelea kuvuliwa kwa Wazimbabwe na Wazambia wa upande ule.

Na kuhusu kufunga ziwa: *Stolothrissa* anaishi mwaka mmoja na miezi michache tu, hafiki hata sentimita 11. Kwa samaki wa umri huo miezi mitatu ni sehemu kubwa ya maisha. Ndiyo maana mapumziko mafupi yanaweza kuonekana nyavuni mapema kuliko kwa samaki anayeishi miaka kumi.

MwishoWaReli

Yaani nisafirishe kapenta kutoka Kariba mpaka Ujiji. Nitaandikwa kwenye vitabu vya historia ya aibu.

Mnyamwezi wa Ipuli

Nawasoma kutoka Tabora. Jamani, nyinyi watu wa ziwa mmezoea chakula kinachokuja kila siku, ndiyo maana miezi minne inawatoa jasho. Huku kwetu akiba ndiyo mila. Viazi vitamu vikitoka tunavimenya, tunavikata, tunavianika vibichi, hiyo ni michembe. Vingine tunachemsha kwanza ndipo tunaanika, hayo matobolwa. Majani ya kunde yanaanikwa yanakuwa nsansa. Mvua ikichelewa mtu hana presha, anafungua kihenge.

Siri ya bibi zetu ni moja ambayo sijaiona hapa: hawakuweka vyote chombo kimoja. Vyombo vingi vidogo. Ukifungua kimoja, kinaliwa mpaka kiishe ndipo unagusa kingine. Mkuu na kilo zako 13 kwenye ndoo moja, kila ukifunua kuchota robo unaingizia hewa na unyevu kilo zilizobaki. Mara 51! Mlo wa arobaini utakuwa unakula kumbukumbu.

MwishoWaReli

Hili ndilo nililokuja kulitafuta. Asante sana mtani wangu.

Fundi Jokofu

Wekeni kwenye friza tu. Mnajitesa.

Binti wa Katubuka

Friza na umeme upi kaka? Ukikatika siku mbili wanapata maji, halafu ukirudi wanaganda upya. Ukiwatoa wanakuwa uji.

Fundi Jokofu

Hapana dada, hao unaosema ni wabichi. Dagaa aliyekauka sawasawa hana maji ya kuganda. Friza haimgandishi, inamweka baridi tu ili mafuta yasichache haraka, na inaua mayai ya wadudu. Hata umeme ukikatika hageuki uji. Hatari ni moja: ukimtoa wa baridi na kumfungua hapo hapo, hewa ya joto inamwagia jasho. Acha pakiti imefungwa mpaka ifikie joto la chumba ndipo ufungue.

Asiye na friza: chupa za maji za lita moja na nusu, zile ngumu. Osha, kausha kabisa, siku mbili juani mdomo chini. Jaza dagaa kwa kushindilia taratibu, hewa ibaki kidogo, funga kifuniko mpaka kigome. Kabati lenye giza, mbali na jiko. Mwanga na joto ndivyo vinavyochachisha mafuta. Chupa moja inatoa milo michache, kama alivyosema Mnyamwezi. Kuwatoa ni usumbufu lakini utakata chupa kwa kisu, hairudi tena kazini.

Mama Sado

Nakazia hii ya chupa. Na msiweke dawa yoyote ya wadudu, yoyote ile, hata ukiambiwa ni ya nafaka. Kama una wasiwasi na wadudu, wapitishe dagaa kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika chache, wapoe kabisa ndipo ufungie. Wakiwa na joto unafungia na mvuke, na mvuke ni ukungu.

Mwanafunzi wa Dar

Wakuu mimi niko chuoni Dar, chumba kimoja watu wanne. Nataka akiba ya mlo mmoja kwa wiki. Shida yangu siyo kuharibika, shida yangu ni wenzangu.

Kapuku wa Gungu

Waambie ni dagaa wa Mwanza.

Mwana wa Igogo

Nimeripoti comment hii.

NahodhaMstaafu

Mmesahau chumvi. Wenzetu wa Zambia na Kariba wanawapitisha kapenta kwenye chumvi kabla ya kuanika, ndiyo maana wanasafiri mbali. Sisi tuna chumvi ya Uvinza hapo nyuma tu, chumvi iliyochemshwa kutoka chemchemi zile zaidi ya miaka 1,000, na dagaa tunawaanika bila kitu. Kwa matumizi ya nyumbani ni sawa, ladha inabaki tamu. Lakini kwa akiba ya miezi minne, nusu yao ningewatia chumvi. Ukipika unawaloweka, unamwaga maji, kazi imekwisha.

MwishoWaReli

Nusu chumvi, nusu bila. Tuseme kilo 6 na 7. Wa bila chumvi tuwale kwanza, wa chumvi tuwaanze Julai. Mzee nakuandikia kwenye daftari.

Binti wa Katubuka

Na mawese je? Umesema yapo lakini dumu la lita 20 nalo linachacha.

Mama Sado

Mawese mazuri hayana haraka kama dagaa. Yafunge vizuri, giza, chombo kijae mpaka juu. Ukiona yameganda sehemu ni kawaida, wala usiyachemshe eti kuyarudisha, weka chombo kwenye maji ya moto tu. Nunua ya kukamuliwa karibuni, na hakikisha ni mawese na si mafuta ya mise, yale ni ya sabuni zaidi.

Kapuku wa Gungu

Swali la kizembe. Kwa nini msinunue wabichi pale mwaloni giza la mwisho, mkaanika wenyewe? Mnalipa chanja ya mtu.

Mama Sado

Kilo moja kavu inataka kilo 3 hadi 4 mbichi. Kwa kilo 13 unazungumzia kilo karibu 50 za dagaa wabichi, ambao wakikosa jua siku ya kwanza umewapoteza wote. Na mwanzo wa Mei mvua za mwisho bado zinachezacheza. Mimi nimeona watu wazima wanalia ufukweni kwa mvua ya nusu saa. Halafu kuku, na kunguru. Mtu mmoja lazima akae pale na fimbo kutwa.

Kapuku wa Gungu

Sina kazi. Fimbo ninayo.

MwishoWaReli

Subiri kidogo, hili si wazo baya. Tukiwa nyumba tatu au nne, tunagawana. Nahodha anatuambia kipe gani kinashuka mapema, maana aliyeshuka alfajiri anapata jua zima na aliyeshuka saa nne ameshachelewa. Wabichi tunanunua nusu tu ya mahitaji, nusu nyingine wakavu wa chanja kwa Mama Sado. Mvua ikinyesha hatujafa wote.

NahodhaMstaafu

Nitakutajia inbox. Nikimtaja hapa kesho mwalo mzima uko kwake.

Binti wa Katubuka

Na mimi niandikeni, kilo 5 kavu. Mkwe wangu atakuja kusimamia, sijamwomba ila nawaambia mapema.

Mwana wa Igogo

Ikibaki nafasi ya kilo mbili hivi… ni za jirani yangu.

Kapuku wa Gungu

Jirani yako ana jina kama lako?

MwishoWaReli

Mwandikeni kilo mbili, tusiwe wachoyo. Kilichobaki ni chanja. Nani ana chanja?

Kapuku wa Gungu

Kwa marehemu babu ipo, mita sita hivi, miti mizima. Wavu wake umetoboka upande wa ziwani, dagaa wadogo watapita wote. Jumamosi njooni na sindano na uzi wa nailoni, mie sina.